Kupima theluji na udongo kabla magari hayajaingia tundra: shajara ya mradi, North Slope, Alaska

Mwisho wa Agosti, Fairbanks

Haya, naanza kuweka kumbukumbu za huu mradi kwa Kiswahili. Ripoti ya Kiingereza itaandikwa tu, hiyo lazima, ila kuna vijana wa fani ya vipimo kule Dar na Arusha wananiulizaga kila mara hivi bro wewe huko Alaska unafanya kazi gani hasa, nikiwajibu napima theluji wanacheka, wanasema kweli wenzetu wana hela za kuchezea. Sio mchezo jamani, hebu nianze mwanzo.

Kaskazini kabisa mwa Alaska, ukishavuka milima ya Brooks mpaka Bahari ya Aktiki, ni eneo linaitwa North Slope. Mafuta ya Prudhoe Bay yaligunduliwa 1968, na barabara ya kufika huko kwa gari mwaka mzima ni moja tu, Dalton Highway, ilijengwa 1974, kama kilomita 666 kutoka karibu na Livengood hadi Deadhorse, sehemu kubwa changarawe. Nje ya hapo ni tundra tupu, yaani nyika ya baridi isiyo na miti. Ukitaka kupeleka mtambo wa kuchimba kisima kilomita kadhaa pembeni unasubiri ardhi igande, theluji itande, ndo unapita juu ya tundra yenyewe au unajenga barabara ya barafu. Na chini ya hiyo tundra kuna pamafrosti, yaani ardhi iliyoganda miaka nenda miaka rudi, maeneo ya Prudhoe Bay imeshuka mita 600 na zaidi, alafu juu yake kuna tabaka jembamba, mara nyingi hata mita halifiki, ambalo kiangazi linayeyuka na baridi ikirudi linaganda tena. Kila mmea unaouona huko unaishi kwenye hilo tabaka.

Sasa ukilichana hilo tabaka umekwisha. Mfano uko wazi kabisa: majira ya baridi ya 1968 kuingia 1969, wakati wa gavana Walter Hickel, serikali ya jimbo ilipiga njia kutoka Livengood kupitia Anaktuvuk Pass hadi Sagwon ili malori yafikishe mizigo kwenye visima. Wakakwangua na tingatinga theluji, majani, mboji, kila kitu mpaka udongo. Malori yakapita kwa muda mfupi tu, jua likarudi likapiga ule udongo mweusi uliobaki uchi, barafu iliyokuwa ndani yake ikayeyuka, udongo ukadidimia, maji yakajaa, na maji ni meusi yananyonya joto zaidi kuliko majani, kwa hiyo yakazidi kuchimba chini. Barabara ikawa mfereji. Hickel Highway ndo jina lake hadi leo.

Kwa hiyo siku hizi kuna masharti. Kwenye ardhi ya jimbo wanaoruhusu ni Idara ya Maliasili ya Alaska, ile inaitwa DNR kwa kifupi. Zamani kipimo kilikuwa inchi 12 za ardhi iliyoganda na inchi 6 za theluji, basi. Shida yake "iliyoganda" ni neno la kubishania, mtu anapigilia chuma ardhini anasema pagumu, mwingine anasema bado. Majira ya baridi ya 2003–2004 wakafanya jaribio la maana sana, wakapitisha mashine za aina mbalimbali kwenye viwanja vya majaribio katika hali tofauti za theluji na ubaridi, alafu kiangazi wakarudi kuangalia mimea imeumia kiasi gani na udongo umeyeyuka kwenda chini kiasi gani. Kilichotoka hapo ndo tunachofanyia kazi mpaka leo: udongo uwe nyuzi -5 au baridi zaidi kwenye kina cha sentimita 30, na theluji iwe sentimita 15 kwa tundra tambarare ya pwani, sentimita 23 kwa tundra ya vilimani yenye vichuguu vya nyasi.

Kazi ya timu yetu ni ndogo: tunaweka vituo vichache vya sensa (vile vihisio vya kupimia, sio sensa ya watu) kando ya Dalton, tunaangalia udongo na theluji vinaendaje kila saa badala ya kusubiri mtu aende kupima. Wenye mamlaka wana vipimo vyao wenyewe, sisi tunaongezea. Hakuna tundra inayofunguliwa kwa magari kwa ajili ya namba zangu, naomba hilo lieleweke maana mama alishaanza kuwaambia watu kanisani kwamba mwanae ndo anafungua Alaska.

Septemba mwanzoni, karakana

Siku nzima kwenye beseni la barafu. Sensa zetu ni zile ambazo ukinzani wake unabadilika na joto, ni bei rahisi na ni sahihi ukizijua tabia, ila kila moja ina kiupande chake. Njia ya kuzikagua ni ya kizamani na hakuna iliyoishinda: unagandisha yale maji masafi ya kujazia betri, unaiponda barafu vizuri, unaijaza kwenye chupa ya chai, unaongeza maji hayohayo kidogo mpaka iwe uji mzito, unakoroga, unasubiri. Hapo umeshapata sifuri kamili bila kununua mtambo wowote. Sensa ikisema 0.15 unaandika pembeni hii inazidisha 0.15, unaendelea na nyingine.

Mbona tunahangaikia sehemu ya kumi ya nyuzi wakati sharti ni -5? Kwa sababu ya pale kwenye sifuri, nitaeleza Oktoba ikifika.

Betri tumetumia lithiamu zote. Betri za kawaida kwenye -40 zinakufa, yaani zinakuonyesha volti nzuri ukiwa ndani ya gari zimepata joto, ukizirudisha nje loga, kile kisanduku kinachorekodi vipimo, inazima. Na sola huko juu kuanzia mwisho wa Novemba ni bati tu, Deadhorse jua halichomozi kabisa mpaka katikati ya Januari hivi.

Kitu kilichotuchukulia muda ni sensa ya kupima kina cha theluji kwa sauti. Imening'inia mita 2 juu ya ardhi, inapiga mlio, inasikiliza mwangwi, inahesabu umbali. Theluji ikipanda umbali unapungua. Nzuri sana, ila sauti kwenye hewa baridi inakwenda polepole: kwenye -30 inapungua kasi karibu asilimia 6 ukilinganisha na kwenye sifuri. Asilimia 6 ya mita 2 ni sentimita 12! Na sisi sharti letu lote ni sentimita 15. Kwa hiyo bila kupima joto la hewa palepale na kusahihisha, siku ya baridi kali chombo kitakwambia theluji imepungua wakati haijapungua hata kidogo. Tumeweka sensa ya hewa kwenye kila nguzo, ndani ya kikinga jua, na hesabu ya kusahihisha inafanyika ndani ya loga yenyewe. Mwenzangu wa Eldoret, dada mmoja mkali wa programu, ndo kaiandika hiyo sehemu na hataki mtu aiguse.

Septemba katikati, Dalton

Tumepanda. Coldfoot tumejaza mafuta mpaka shingoni maana kutoka hapo mpaka Deadhorse ni zaidi ya kilomita 380 bila kituo cha mafuta wala duka. Redio ya gari iko chaneli 19 muda wote, madereva wa malori wanaitana, lori likija unapunguza mwendo unakaa pembeni, kioo cha mbele kikipona shukuru Mungu. Atigun Pass, pale barabara inapovuka milima ya Brooks, tayari nyeupe.

Kituo cha kwanza tumeweka vilimani karibu na Happy Valley, cha pili Franklin Bluffs ambako vilima vinaisha na uwanda wa pwani unaanza, kingine kaskazini zaidi. Tofauti ya ardhi unaisikia kwenye vifundo vya miguu kabla hujaiona. Huku pwani ni majani ya majimaji, tambarare, buti linazama unasonga. Vilimani ni vichuguu vya nyasi, kila kimoja kinasimama peke yake na katikati yake ni shimo, ukikanyaga juu kinayumba, ukikanyaga katikati unazama mpaka goti, na una begi la betri mgongoni. Nyasi yenyewe kisayansi ni Eriophorum vaginatum, yenye vichwa vyeupe vya pamba. Ukitembea hapo nusu saa unaelewa vizuri kwa nini vilimani wanadai theluji sentimita 23. Kichuguu kinatokeza juu, gari likipita na theluji ni haba, mnyororo unakata kichwa chake. Na kile kichwa ndo mmea wenyewe.

Kuchimba: tumetoboa kwa mkono, kipenyo kidogo, tukashusha fimbo yenye sensa kwenye sentimita 5, 15, 30, 60, na pale ambapo hatukugonga barafu mapema tukaongeza chini zaidi. Udongo tumeurudisha kwa mpangilio uleule, mboji juu. Waya zote ndani ya bomba la chuma maana mbweha wa Aktiki wanatafuna kila kitu chenye plastiki. Sijui wanapata nini humo. Wenyeji walishatuambia, na timu nyingine ya hapo jirani waya zao zilizoachwa wazi zimekatwa vipande vipande.

Udongo kwenye sentimita 30 leo ni kama nyuzi 1 juu ya sifuri. Haya tuone.

Oktoba, wiki ya pili

Niko Fairbanks, data inakuja kwa setilaiti mara moja kwa siku. Hapa ndo pale kwenye sifuri nilipopasema.

Hewa imeshashuka, usiku -12, -15. Mtu wa kawaida anasema basi udongo umeganda. Ukiangalia grafu ya sentimita 30, mstari umefika karibu na sifuri alafu umenyooka. Unaendelea kunyooka. Leo, kesho, wiki. Siku ya kwanza bosi mpya aliniuliza hiyo sensa imekufa? Haijakufa. Udongo una maji, na maji kabla ya kuwa barafu lazima yatoe joto lake: kilo moja ya maji ikiganda inatoa kilojuli 334, joto ambalo lingetosha kuyapasha maji hayohayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Joto lote hilo lazima lipande litoke juu kupitia udongo, mboji na theluji. Mpaka litoke lote, joto la udongo linabaki palepale kwenye sifuri, wiki nyingi mahali penye maji mengi. Na huku kwetu ardhi inaganda kutoka pande mbili, juu kwa hewa na chini kwa pamafrosti, kwa hiyo la mwisho kuganda ni lile la katikati.

Ndo maana sehemu ya kumi ya nyuzi ina maana. Kati ya -0.1 na -0.4 kuna habari nzima, ule wakati mstari unaanza kuinama kwenda chini. Ukikosa kuuona huwezi kukadiria -5 itafika lini.

Na kwa nini -5, isiwe -1? Udongo wa huku ni mfinyanzi laini, vumbi la mito, na katika udongo wenye chembe ndogo hivyo maji hayagandi yote kwa pamoja, kuna utando mwembamba unaozunguka kila chembe unabaki majimaji hata chini ya sifuri. Kwenye -1 ardhi inaonekana imeganda ila ukiiwekea tani nyingi inabonyea. Kwenye -5 imeshikana kweli.

Oktoba mwishoni

Theluji imeanguka pwani. Nyingi kwa wakati huu. Wenzangu wanafurahi, mimi sijafurahi sana.

Novemba, wiki ya kwanza

Naandika hii ndefu kwa sababu ndo kiini cha mradi mzima na nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kusema ntasema hiki.

Yale masharti mawili yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Theluji inatakiwa ili ilinde mimea, udongo unatakiwa uwe baridi ili ubebe uzito. Lakini theluji ni blanketi. Theluji laini iliyoanguka jana inapitisha joto kidogo sana, barafu ngumu inapitisha mara 20 hivi zaidi yake. Kwa hiyo theluji ikija mapema, kabla udongo haujamaliza kutoa joto lake, sharti la kwanza linatimia haraka na hilohilo linachelewesha la pili. Theluji ikichelewa, udongo unaganda kama jiwe, -5 inapita, -8, na magari bado yamekaa Deadhorse kwa sababu nyasi ziko wazi.

Na ndo tunachokiona mwaka huu. Kituo cha pwani kina theluji ya kutosha tangu wiki iliyopita, udongo wake bado uko karibu na sifuri hautaki kushuka. Kituo cha vilimani karibu na Happy Valley upepo umefagia, udongo unashuka vizuri, theluji haijafika hata nusu ya sentimita 23. Vituo vyote viwili bado, kila kimoja kwa sababu iliyo kinyume cha mwenzake! Ukichukua wastani wa eneo zima utaona namba mbili nzuri tu, theluji inakaribia, baridi inakaribia, na hakuna hata sehemu moja ardhini inayofanana na huo wastani. Nimewaambia kwenye kikao, tusitoe wastani wa theluji peke yake na wastani wa udongo peke yake, tutoe kila sehemu na namba zake mbili pamoja. Kuna mtu kasema itawachanganya wasomaji. Bora wachanganyikiwe.

Ongeza kwamba theluji yenyewe haikai ilivyoanguka. Udongo chini ni kama sifuri, hewa juu ni -25, katikati kuna theluji ya sentimita 20 tu. Tofauti hiyo yote ndani ya sentimita 20. Mvuke unapanda kutoka chini, unaganda juu, na tabaka la chini linageuka chembe kubwa kubwa zisizoshikana, ukiishika mkononi inamwagika kama sukari ya mezani. Juu yake upepo umepiga tabaka gumu ambalo mtu anatembea bila kuzama. Kwa hiyo ukisema "theluji sentimita 20" hujasema kitu bado: ile ya chini inazuia joto lisitoke alafu uzito ukija inaporomoka hailindi kichuguu chochote, ile ya juu inabeba lakini ni nyembamba. Watu wa Makete mnaojua sakitu ya Kitulo asubuhi, hii ni kitu kingine kabisa, sakitu yenu jua likitoka imekwisha.

Novemba, baada ya wiki mbili

Tumepanda tena kupima kwa mkono. Sensa ya sauti inaona duara dogo tu chini yake, na theluji ya huku inahama na upepo, hapa sentimita 5, hatua tatu mbele 60. Kwa hiyo tunatembea mstari mrefu, tunachoma fimbo kila baada ya hatua kadhaa, tunaandika, alafu sehemu chache tunachimba ukuta tunapima uzito wa theluji kwa bomba.

Fimbo nayo ina ujanja wake. Ukiichoma kwa nguvu inapita theluji inaingia kwenye mboji na majani laini kabla haijagonga udongo mgumu, unasoma sentimita 24 kumbe theluji ni 19. Kwenye vichuguu ni mbaya zaidi maana fimbo inateleza kutoka juu ya kichuguu inaenda katikati, kwenye shimo. Utapata kina kirefu kila mara, na kosa liko upande mmoja tu, upande wa kumpendezesha anayetaka kupita. Mzee mmoja wa Nuiqsut, kijiji cha huku North Slope, aliyekuwa nasi kama msaidizi wa njia ana mkono mwepesi ajabu, anaichoma fimbo na anasimama palepale inapogusa majani. Nimemuomba anifundishe. Kanicheka, kasema vua hiyo glavu nene kwanza. Ni -27, asante mzee.

Tulivyorudi gari nikamuuliza yeye anajuaje kama pamegandamana vya kutosha kwa safari zake za pikipiki ya theluji, akanieleza vitu vingi ambavyo loga yangu haina sehemu ya kuviweka, mlio wa mnyororo, rangi ya theluji karibu na mto, mahali maji yanapopanda juu ya barafu kila mwaka. Watu wa vijiji huko hawasubiri tangazo la kufungua tundra ndo waende kuwinda caribou, wale kulungu wa Aktiki. Masharti ni kwa ajili ya mizigo mizito.

Desemba mwanzoni

Simu nyingi. Mkandarasi mmoja anapiga kila Jumatatu, lini pwani, lini pwani. Namuelewa, mtambo umekodiwa kwa siku, barabara ya barafu inahitaji wiki kadhaa kujengwa, na majira ya kazi ni mafupi. Zile siku za kusafiri tundra zilikuwa zaidi ya 200 kwa mwaka miaka ya 1970 mwanzoni, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimeshuka hadi karibu 100. Ile grafu inaonyeshwa kila mahali kama ushahidi wa joto la dunia, na joto limepanda kweli huku, hilo halina ubishi. Ila mimi naisoma kwa tahadhari, kwa sababu kipimo cha zamani kilitegemea sana jicho la mpimaji, kwa hiyo ndani yake kuna hali ya hewa na kuna tabia za watu pia.

Kuna njia ya kusaidia udongo upoe: kushindilia theluji mapema. Kwa kibali maalumu, magari mepesi yenye matairi mapana laini, yanayokandamiza ardhi kidogo sana, yanapita kwenye mstari ambapo barabara ya barafu itajengwa, yanabana theluji. Theluji iliyobanwa haina hewa nyingi ndani, inapitisha joto, baridi inashuka. Ni akili nzuri, unalibomoa blanketi bila kuliondoa. Kwenye kituo chetu cha pwani tuna fimbo moja ndani ya mstari ulioshindiliwa na nyingine nje yake hatua chache tu. Ile ya ndani imeanza kuinama tayari, ya nje bado imeng'ang'ania. Grafu nzuri kuliko zote za mradi huu, nimeichapisha nimebandika ukutani.

Desemba, kabla ya Krismasi

Fimbo ya ndani imevuka -5. Ya nje iko juu ya -4 kidogo. Giza la saa zote. Hakuna safari mpaka mwaka mpya.

Januari

Eneo la pwani tulipo limefunguliwa. Vilimani bado. North Slope wameigawa maeneo manne, pwani mashariki, pwani magharibi, vilima vya chini na vilima vya juu, na kila moja linafunguliwa peke yake, jambo la busara sana ukishaona tulichokiona Novemba.

Tangazo lilipotoka tu pampu zikawashwa. Barabara ya barafu inajengwa hivi: wanakwangua vipande vya barafu kwenye ziwa, wanavimwaga kwenye mstari, wanamwagia maji, inaganda, wanaongeza tena mpaka unene wa angalau sentimita 15. Maji yanatoka maziwani na huko nako kuna masharti, kwenye ziwa lenye samaki wasiovumilia ukosefu wa hewa mwisho ni asilimia 15 ya maji yaliyobaki chini ya barafu, lenye samaki wagumu peke yao asilimia 30. Samaki wanakaa humo miezi yote na hewa ileile, ukinyonya maji mengi wanakufa bila mtu kujua mpaka kiangazi.

Vilimani theluji imefika sentimita 20 kwa wastani wa mstari wetu. Hapo ndo lile neno wastani linanikera tena, maana theluji yote imejaa kwenye vibonde na juu ya vichuguu vingi majani yanachungulia. Nimetuma mchoro wa kila sehemu badala ya namba moja. Safari hii hakuna aliyelalamika.

Na wanaosema si baridi tu, ipite hivyo hivyo, itapona, wakasome habari za zile njia za utafiti wa mitetemo wa kutafuta mafuta zilizopigwa kwenye uwanda wa pwani wa hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki, upande wa mashariki, baridi ya 1984 na 1985. Ilikuwa baridi, kulikuwa na theluji, na bado miaka 25 baadaye baadhi ya hizo njia zilikuwa zinaonekana, hasa pale magari yalipopita kwenye mstari mmoja au theluji ilipokuwa nyembamba.

Februari

Theluji ya upepo imekuja kutoka kusini magharibi, vilimani mstari wetu umepita 23, na udongo uko chini sana ya -5 tangu zamani. Dada wa Eldoret alikuwa ameweka dau kwamba haitafika kabla ya Machi. Ananidai... hapana, mimi ndo namdai pilau.

Loga moja imenyamaza siku mbili kwenye -43 alafu ikarudi yenyewe, data yote ipo ndani, ilikuwa modemu ya setilaiti tu.

Aprili mwishoni

Jua linakaa sana juu. Juu ya theluji pameanza kulainika mchana, usiku panaganda. Kwenye sentimita 5 udongo unapanda haraka, kwenye 30 bado ni baridi kabisa, kwa hiyo mwisho wa msimu unaamuliwa na juu, ulivyoamuliwa na chini kule mwanzo. Magari ya mwisho yanarudi Deadhorse kwa foleni.

Tumepanda kutoa nguzo ya Happy Valley maana kiangazi inasimama kwenye majimaji na inainama, fimbo za chini tunaziacha. Kwenye mstari wa pwani ulioshindiliwa nimeweka vigingi vidogo ndani na nje, Agosti nitarudi na fimbo ya chuma kupima udongo umeyeyuka mpaka kina gani pande zote mbili. Msimu ujao nataka mistari miwili vilimani badala ya mmoja, mmoja kwenye kibonde na mmoja mgongoni mwa kilima palipofagiwa na upepo, na waya za ziada, maana mbweha wamegundua mahali bomba la chuma linapoishia.